Majengo Zote za Mama Zuhura

Jina hilo haliniachi. Niko jikoni hapa Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, nakata sukuma, mtangazaji wa mpira anaitaja timu ya Majengo utadhani iko moja tu duniani. Kijana wa duka la simu hapo chini anafungulia wimbo, na kwenye kiitikio, Majengo tena. Taarifa ya habari ikisema moto umezuka Majengo, mimi husimama na kisu mkononi hadi wataje mji. Kuna Majengo Nyeri, kuna Majengo Nanyuki, kuna Meru, kuna Embu. Kuna ya Nairobi, ya Mombasa, ya Voi. Ukienda magharibi, Vihiga, utakuta soko la Majengo kando ya barabara, na ukivuka mpaka hadi Moshi, utaambiwa shuka, hapa ni Majengo. Popote wakubwa wa zama za ukoloni walipowagawia waliokuja mjini viwanja vidogo wajenge vyumba vyao vya udongo, jina likawa hilo hilo, kama vile karani aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Watu huniambia, Nyawira, ni jina tu. Wacha waseme. Mimi najua jina hilo lilimfanya nini mtu, na najua mkono wangu ulikuwa wapi.

Mwezi uliopita, katika lile kundi la simu la watu tuliowahi kuishi Majengo ya Nyeri, ambalo kwa kawaida ni la picha za maua na maombi ya asubuhi, kuliingia ujumbe mfupi: Mama Zuhura wa mahamri amefariki huko Majengo, Meru, amezikwa jana, hitima ni Ijumaa. Niliketi kitandani. Mume wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia, mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Akasema pole, akarudi kwa gazeti lake. Miaka zaidi ya arobaini nilikuwa najiambia nitaenda kumwona, nitamwambia. Nitaenda mahindi yakivunwa. Nitaenda watoto wakifunga shule. Sasa alikuwa ameshazikwa, na mimi si mtu wa kulialia, lakini siku hiyo nililia mpaka pua ikaziba.

Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa na miaka kumi na tisa, nilipoletwa mjini kujifunza kupiga taipu. Nyumba ya Mama Zuhura ilikuwa ya Majengo ya kweli: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la madebe yaliyofumuliwa na kupigwa nyundo yakawa mabati, na ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku. Nyuma kulikuwa na jiko, na jiko hilo ndilo lililokuwa nyumba hasa. Alfajiri, ukungu wa Nyeri ukiwa bado umelala uani, ningesikia akikanda unga wa mahamri na kuzungumza. Mwanzoni nilidhani anasali. Kisha nikasikiliza vizuri kupitia ukuta, nikagundua anasimulia. Unga umepanda bei. Mbuzi wa jirani ameingia tena. Huyu msichana wa chumba chako anakohoa, nitamchemshia tangawizi. Chumba chako. Nililala kwenye kitanda cha Zuhura, bintiye wa pekee, na gauni la Zuhura lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa changu. Hakuniambia nilitoe, wala sikuthubutu kuligusa. Jioni, baada ya sala ya magharibi, alipakua sahani tatu: yake, yangu, na moja aliyoifunika kwa bakuli la bati. Asubuhi yake ile ya tatu ingepashwa moto, na mara nyingi aliyeila ni mimi. Maharagwe, wali wa nazi aliyoletewa kutoka Mombasa, ndizi za kupika kwa nyama siku ya Idi. Nilikula chakula cha mtu aliyekuwa hayupo, na kilikuwa kitamu, sitadanganya.

Habari za Zuhura nilizipata kwa Gathogo, fundi wa saa aliyekaa kwenye baraza mbele ya nyumba, na meza yake ya visaa vilivyofunguliwa matumbo na redio kubwa kuliko yeye. Gathogo alijua habari za kila mtu na hakuhitaji kuulizwa. "Alipenda dereva wa trakta, mtu wa upande wa Meru, Mkristo," alinieleza huku ameweka ile lenzi yake jichoni. "Mama yake akasimama hapo kwa mlango, nikiwa hapa hapa, akamwambia, ukitoka na huyo, usinitaje tena na mdomo yako. Basi msichana akatoka. Na si unajua wasichana wa siku hizi, wakiambiwa kitu wanafanya." Mwaka mmoja baadaye, mchuuzi wa vitunguu, mtu wa kupita tu, alichungulia kutoka dirishani mwa basi lililokuwa linaondoka akapaza sauti: "Mama Zuhura! Nimeona msichana wako! Ako Majengo!" Mama Zuhura alilikimbilia lile basi na viatu mkononi hadi kona ya sokoni. Halikusimama. Yule mchuuzi hakuonekana tena Nyeri. Alichobaki nacho Mama Zuhura ni neno moja, tena ni jina la mahali alipokuwa amesimama mwenyewe.

Vijana wa sasa hawajui kadi za salamu, kwa hiyo nitaeleza. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako na mji wako, majina ya watu unaowasalimu, na chini kabisa ujumbe wa mstari mmoja. Ukaituma kwa posta, na siku moja, saa nane mchana, mtangazaji akaisoma redioni nchi nzima ikisikia. Watu walikuwa na vyeo katika salamu. Gathogo alijiita Jenerali wa Salamu, Mlima Kenya, na alikuwa na marafiki Lodwar na Lamu ambao hakuwahi kuwaona hata mmoja. Ndiye aliyempa Mama Zuhura wazo hilo, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kazi ya kuandika ikawa yangu. Jumapili mchana tuliketi jikoni, mimi na kalamu, yeye na mikono yake yenye unga.

"Kadi inachukua majina kumi," Gathogo alimwambia, amesimama mlangoni. "Wewe unataka kusalimia mtu mmoja kwa mahali kumi. Hiyo si salamu, mama, hiyo ni ramani."

"Basi iwe ramani," Mama Zuhura akamjibu. "Andika, mwanangu. Zuhura wa Majengo, Nanyuki. Zuhura wa Majengo, Meru. Zuhura wa Majengo, Embu."

Niliandika. Voi, Nairobi, Mombasa, Vihiga. Siku moja akaniuliza, "Na Murang'a?" Nikamwambia kule mahali kama hapa panaitwa Mjini. Akafikiri, akapangusa mikono. "Andika tu. Pengine kuna mtu wa huko anayepaita hivi." Ujumbe ulikuwa ule ule kila wiki: Mama hana kinyongo. Mtangazaji alimzoea. "Haya, Mama Zuhura wa Nyeri huyo tena! Jamani, huyu mama ana akina Zuhura wangapi?" Nchi ikacheka. Halafu nchi ikaanza kumjibu. Mwanamke mmoja wa Majengo, Voi, alituma kadi: mimi si wako, mama, lakini nakusalimu. Klabu ya salamu ya Moshi ikaahidi kuuliza mtaani kwao. Alipopita sokoni watu walimwita Mama Majengo, naye aliitikia kwa furaha kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiona alivyorudi ndani baada ya kipindi, akaketi kwenye kigoda bila kuvua leso ya kichwani, akingoja kama vile anayekuja yuko kwenye ngazi.

Ikaja Julai, na baridi ile ya Nyeri inayoingia hadi kwenye meno. Kifua kikamshika. Akaacha kula, lakini sahani ya tatu hakuacha kuipakua. Nilikuwa na mitihani mwezi uliofuata, nikawa nachemsha maji, nakaanga mahamri yake kabla ya darasa, naungua vidole kisha naenda kuvipigia taipu. Homa ilipopanda alianza kuniita Zuhura. Siku ya kwanza nilimwambia, mimi ni Nyawira, mama. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu aliita, "Zuhura," nami nikaitikia, "Abee, mama," bila kufikiri, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka, na nywele zikanisimama. Ngai, Mungu wangu! Nilikuwa nalala kwenye kitanda chake, nakula sahani yake, sasa naitikia jina lake. Nimewahi kujiambia kwamba nilichofanya nilikifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa, na nilitaka iishe.

Nilichukua kadi moja kutoka kwenye furushi la Gathogo. Darasani, wenzangu wakiwa wameenda kula, niliandika kwa mkono wa kushoto: Kutoka kwa Zuhura wa Majengo. Namsalimu mama yangu, Nyeri. Ujumbe: Niko salama, usinitafute. Mji niliuacha nje makusudi. Nilijiona mwerevu kupindukia. Atajua mtoto yuko hai, nikafikiri, lakini hatakuwa na pa kwenda, na lile neno la mwisho litamfanya atulie apone. Niliitumbukiza posta kabla sijabadili nia.

Ilisomwa Jumanne. Mama Zuhura alikuwa barazani, amejifunika leso mbili, na Gathogo alikuwa anatia mkanda kwenye saa ya mwalimu mmoja. Mtangazaji alipofika kwenye jina hakuamini mwenyewe. "Zuhura! Jamani, ni Zuhura wa Majengo!" Vigelegele vilianzia kwetu vikapanda barabara yote. Wanawake walitoka na miiko mikononi. Mama Zuhura hakupiga kigelegele. Aliniuliza kimya kimya, "Amesema nini mwisho?" Nikamwambia: niko salama, usinitafute. Jioni hiyo alikula sahani yake yote, halafu akafunua bakuli la bati, akaila na ile nyingine. Gathogo alinitazama muda mrefu bila lenzi. "Wewe Nyawira," akasema pembeni, "hiyo kadi haina mji. Mtu wa salamu hawezi sahau mji." Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Akarudi kwa saa zake na hakusema neno lingine kuhusu jambo hilo mpaka nilipohama.

Siku ya nne homa ilikuwa imemtoka, na kikapu kilikuwa kimefungwa.

"Unaenda wapi, mama?"

"Majengo," akasema. "Nitaanza na ya Nanyuki."

"Lakini amesema usimtafute."

Alinicheka, kicheko cha mtu mzima kwa mtoto. "Wewe bado hujazaa. Binti akikwambia usimtafute, unadhani anataka nini?"

Tulikuwa tumesimama mwisho wa ukumbi, mlangoni, mahali pale pale alipomfukuza Zuhura. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Ni mimi niliyeandika. Yangechukua muda wa kumeza mate. Badala yake nikaenda chumbani nikamletea sweta yangu ya shule, kwa sababu Nanyuki kuna baridi kuliko Nyeri, na nikamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. "Kaa na nyumba," akaniagiza. "Zuhura akija kabla sijarudi, mpe chakula." Nilimpakulia Zuhura ile sahani kwa wiki tatu hivi. Kisha nikaacha. Salamu za mdomo zilikuja: Nanyuki hakuna mtu anayemjua Zuhura, amekwenda Meru. Baadaye, ametoka Meru amekwenda Embu. Baadaye, amerudi Meru, miguu imevimba. Mpwa wake akachukua nyumba, mimi nikafaulu mitihani, nikapata kazi, nikahamia chumba chenye umeme.

Nilijua alipo, hilo lazima niliseme. Kazi ilinipeleka Meru mara mbili. Mara ya pili nilishuka hadi Majengo, nikamwona ng'ambo ya barabara, ameinama juu ya karai la mafuta karibu na mahali mabasi ya Nanyuki yanaposimama. Kila basi lilipofika aliinua kichwa akatazama nyuso za wanaoshuka, wote, mpaka wa mwisho, halafu akarudi kwa mahamri yake. Nilihesabu mabasi manne. La tano lilipokuja nilikuwa nimegeuka, natembea haraka kama mwizi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, na nilimkimbia mama mzee.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilikwenda. Barabara inapanda Nanyuki, inapita Timau kwenye mashamba ya ngano, halafu inateremka hadi Meru. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na wanawake wengi, tumeketi mkekani, sinia za pilau katikati. Walikuwa wakimzungumzia kwa sauti za chini, jinsi alivyowapa watoto wa mtaa mahamri yaliyoungua, jinsi alivyokataa kuhama chumba kile cha kando ya barabara hata kilipoanza kuvuja. Mwanamke aliyekaa kando yangu hakuwa anakula. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kanisani, uso umekaushwa na upepo wa mashamba.

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Nyeri."

"Nyeri gani?"

"Majengo, zamani. Nilikuwa mpangaji wake."

Alinigeukia. "Mimi ndio Zuhura," akasema.

Niliinamisha kichwa. Alidhani nimeshikwa na huzuni, akanipa maji. Mjukuu wake, akasema, ndiye aliyeona picha ya marehemu kwa simu akamwonyesha, nyanya, ona huyu mnafanana. Alikuwa anaishi Timau, kwenye shamba la ngano, tangu miaka hiyo. "Basi zote za Meru zinapita kwa mlango yangu," akasema. "Zote." Halafu akaanza kunieleza, pengine kwa sababu nilikuwa mtu wa Nyeri na hakuna mwingine pale wa kumweleza. Mwaka ule wa kadi, kabla hajahamia Timau, alikuwa Majengo ya Nanyuki. Lakini nani angemjua Zuhura? Kanisani alikuwa Esta, na kwa majirani alikuwa Mama Kinya. Kila kadi ya mama yake aliisikia. Alikuwa anafua, anasimama na nguo mkononi inachuruzika maji, anasikia jina lake likitajwa mara kumi, anacheka na kulia. Julai alikuwa amefunga nguo. Alikuwa anangoja tu mtoto apone surua, ampeleke kwa nyanya yake.

"Halafu ikasomwa kadi ingine," akasema. "Na jina yangu. Ati nimesema nisitafutwe. Mimi sijaandika kitu! Nikajua ni Mutwiri, bwana yangu. Nikajua amenifungia njia. Lakini nikasema, mama ataleta kadi ingine. Atasema hata kama umekataa, mimi nakutafuta. Nikangoja Jumanne. Nikangoja ingine. Mwezi. Hakuna kadi. Nikasema basi, amekubali. Nitarudi kwa mtu ameniacha namna gani?"

"Hakuwa nyumbani," nikasema. "Alikuwa barabarani anakutafuta."

"Najua. Nimeambiwa leo, hapa, na hawa." Akatazama mikono yake. "Mutwiri alikufa mwaka juzi. Mpaka kwa kitanda ya hospitali aliniapia. Mama Kinya, si mimi niliandika. Nikamwambia lala tu, mzee. Sikumwamini. Miaka yote hiyo tumekula meza moja na sikumwamini. Sasa nauliza Mungu, kama si yeye, ni nani? Ni nani alikuwa anatuchukia hivyo?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoea. Pilau ilikuwa inapoa, wanawake walikuwa wanapitisha maji ya kunawa, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angejua. Gathogo alikufa zamani.

"Ni mimi," nikasema. "Si Mutwiri. Ni mimi niliyeandika, na hakuna aliyekuchukia." Nikamweleza yote: homa, mkono wa kushoto, mji niliouacha, ukumbi, sweta. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo tu. Nilipomaliza, alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inasema jambo fulani, mara kwa mara. Niliinama nikalisikia. Alikuwa anamwomba Mutwiri msamaha.

Nilianza kuinuka. Akanishika mkono, si kwa upole.

"Kaa chini. Ulilala kwa kitanda yangu?"

"Ndiyo."

"Chakula yangu ulikula?"

"Nilikula."

"Mwaka mzima ulikaa na mama yangu." Alifungua macho yake, na hayakuwa na machozi. "Hiyo mwaka ilikuwa yangu. Mimi sina hata siku moja yake. Msamaha usiniulize leo, sina. Sema vile alikuwa. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Nikaketi. Nikamwambia kwamba siku nilipofika kulikuwa na mvua, nimebeba sanduku la mbao kichwani, na mama yake alifungua mlango akiwa na unga hadi kwenye viwiko, na kabla hajaniuliza jina langu wala nimetoka wapi, aliniuliza kama nimekula.